Mwaka 1619: Kepler Kati ya Makanisa Mawili

Viongozi wetu wa dini mliokubali kuja, walimu, wazazi, na ninyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma: Bwana asifiwe, na assalaam aleikum.

Mmeniita nizungumzie sayansi na dini kwa kupitia maisha ya mwanafalaki mmoja wa zamani. Najua wengi mmekuja mkimtarajia Galileo. Habari yake mnayo: Roma, mwaka 1633, mzee anapigishwa magoti mbele ya makadinali na kulazimishwa kuikana kauli kwamba dunia inazunguka Jua. Ni habari ya kweli, na ni ya aibu. Lakini imesimuliwa mno hata imebaki na watu wawili tu, mwenye akili na mwenye joho, na kila msikilizaji anajua mapema atampigia nani makofi. Nimemchagua Johannes Kepler kwa sababu yeye hatuachii urahisi huo. Alikuwa mcha Mungu kuliko wengi waliomhukumu. Wakatoliki walimfukuza, na Walutheri wenzake wakamtenga. Mimi nimebatizwa na kulelewa katika Kanisa la Kilutheri, kwa hiyo hilo la pili nalisema kwa uchungu. Lakini nitalisema.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 huko Weil der Stadt, mji mdogo kusini mwa Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa askari wa kukodiwa, mtu wa kwenda vitani na kurudi, mpaka safari moja hakurudi tena. Mama yake, Katharina, alikuwa binti wa mwenye nyumba ya wageni: mwanamke mdogo wa umbo, mkali wa ulimi, mjuzi wa dawa za mitishamba. Mwekeni akilini mama huyu. Ndui ilimharibia mtoto macho akiwa bado mdogo sana, na hata hivyo, mwaka 1577, mama ndiye aliyempeleka mahali palipoinuka kumwonyesha nyota yenye mkia iliyowashtua watu Ulaya nzima. Kepler alilikumbuka jambo hilo utu uzima wake wote.

Alisoma kwa ufadhili wa mtawala wa Württemberg ili awe mchungaji, kwanza seminari ya Maulbronn, kisha Chuo Kikuu cha Tübingen. Huko mwalimu wake wa hisabati, Michael Maestlin, alimfundisha mfumo wa Copernicus unaoliweka Jua katikati. Mwaka 1594, kabla hajamaliza teolojia, wakubwa wake wakamtuma Graz, Austria, akafundishe hisabati katika shule ya Waprotestanti. Hakuipenda safari hiyo. Moyo wake ulikuwa mimbarini.

Kilichompa amani ni wazo lililomjia darasani mwaka uliofuata. Sayari zilizojulikana wakati huo zilikuwa 6, Dunia ikiwa mojawapo. Na maumbo yenye nyuso zilizo sawa pande zote, kama mchemraba, ni 5 tu. Nafasi kati ya sayari 6 ni 5. Kepler akaamini ameuona mkono wa Muumba: kwamba Mungu alipozipanga sayari alitumia maumbo hayo kuwa vipimo vya nafasi zake. Akamwandikia Maestlin kwamba kwa muda mrefu alitaka kuwa mwanateolojia na hakuwa na utulivu, lakini sasa ameona Mungu anatukuzwa hata katika falaki.

Wazo lenyewe lilikuwa kosa. Sayari hazikupangwa hivyo, na leo tunajua zipo zaidi ya 6. Nalitaja waziwazi kwa sababu nasikia watu wakimtumia Kepler kuthibitisha kwamba imani humfikisha mtu kwenye ukweli wa kisayansi. Imani yake ilimpotosha pia, na wazo hili hakuliacha kabisa mpaka anakufa. Ilichompa imani ni kitu kingine, nacho nitakionyesha.

Kitabu chake cha kwanza kilichapishwa Tübingen mwaka 1596. Alikuwa ameandika sura ya kuonyesha kwamba Copernicus hapingani na Biblia. Matthias Hafenreffer, mwanateolojia wa chuo hicho, mtu aliyempenda Kepler kwa dhati, akamshauri aiondoe. Alimtaka ajikalie kwenye hisabati na maandiko awaachie wenyewe. Kepler akatii. Likumbukeni jina la Hafenreffer.

Sasa twende Graz. Mtawala wa eneo hilo, Ferdinand, Mkatoliki aliyelelewa na Wajesuiti, aliapa kuirudisha nchi yake kwenye Ukatoliki. Mwezi Septemba 1598 wachungaji na walimu wote wa Kilutheri waliamriwa waondoke. Kepler aliruhusiwa kurudi kwa muda. Mwaka uliofuata binti yake Susanna alikufa akiwa na siku 35. Baba hakutaka azikwe kwa taratibu za Kikatoliki, akatozwa faini, na ilibidi alipe ndipo aruhusiwe kumzika mwanawe. Agosti 1600 wenye mji wakaitwa kanisani, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akaulizwa kama yuko tayari kuwa Mkatoliki. Kepler alisema hapana. Akapoteza kazi, na sehemu kubwa ya mali ya mkewe ikabaki nyuma.

Alikimbilia Praha kwa Tycho Brahe, Mdenmark aliyekuwa amepima mahali pa nyota na sayari kwa zaidi ya miaka 20, kwa macho matupu na kwa usahihi ambao hakuna aliyewahi kuufikia. Tycho alikufa Oktoba 1601. Kepler akawa mwanahisabati wa Kaisari Rudolf II, na vipimo vya Tycho vikawa mikononi mwake.

Hapa naomba tukae kidogo. Tangu Wagiriki, watu wote, Wakristo kwa Waislamu, walikubaliana kwamba vitu vya mbinguni huenda kwa miduara. Mduara ndio umbo kamili, na mbingu ni mahali pa ukamilifu. Hata Copernicus hakuuacha mduara. Kepler alichukua sayari ya Mirihi, akafanya kazi miaka kadhaa, akapata mfumo wa miduara ulioafikiana na vipimo vya Tycho karibu kila mahali. Palibaki tofauti ya dakika 8. Sizungumzii dakika za saa. Nyuzi moja ya pembe hugawanywa katika dakika 60, na Mwezi kamili, kwa jinsi tunavyouona angani, una upana wa dakika zipatazo 30. Tofauti ilikuwa kama robo ya upana wa Mwezi.

Angeweza kuipuuza. Mwanafalaki yeyote kabla yake angesema vipimo havikuwa makini, na asingelaumiwa. Kepler aliandika kwamba Mungu kwa wema wake ametupa Tycho, mpimaji makini kabisa, na kwa hiyo ni haki tuipokee zawadi hiyo kwa shukrani na kuitumia. Akatupa kazi yake ya miaka akaanza upya. Dakika hizo 8, alisema, ndizo zilizofungua njia ya kuirekebisha falaki yote. Mwaka 1609 alitangaza kwamba Mirihi haizunguki kwa mduara. Njia yake ni umbo la duaradufu, yaani kama mduara uliobanwa, na Jua haliko katikati yake bali upande mmoja. Sayari ikilikaribia Jua huenda kasi, ikiwa mbali huenda polepole.

Hicho ndicho imani yake ilimpa. Haikumpa jibu. Ilimzuia asimsingizie Muumba jambo ambalo Muumba hakulifanya. Ikiwa Mungu ameiumba Mirihi iende hivi, sisi ni nani kumsahihisha kwa dakika 8? Ninapowaona leo vijana wa maabara wakirekebisha takwimu ili zilingane na jibu la kitabuni, namkumbuka mtu huyu. Na ninapomsikia mhubiri akitangaza kwa niaba ya Mungu jambo ambalo hakulichunguza, namkumbuka pia.

Katika utangulizi wa kitabu hichohicho cha 1609 aliyarudisha yale ambayo Tübingen walimwondolea. Watu walikuwa wakimtajia Yoshua: "Wewe Jua, simama kimya juu ya Gibeoni." Kama Jua lilisimamishwa, si ndiyo maana yake lilikuwa linatembea? Kepler akajibu kwamba Yoshua alikuwa vitani, akiomba mchana urefuke. Alisema anavyoona kila mwenye macho, na Mungu alimwelewa haja yake. Maandiko huzungumza na watu kwa lugha ya watu, katika mambo ambayo si kusudi lake kuyafundisha. Akakumbusha anavyosema baharia anapotoka bandarini, kwamba nchi na miji inarudi nyuma. Mtu yeyote aliyewahi kupanda chombo kwenda Unguja ameiona Dar es Salaam ikirudi nyuma, na hakuna aliyemwita mwongo kwa kusema hivyo. Walimtajia pia Mhubiri: "Kizazi huenda, na kizazi huja, nayo dunia hudumu daima." Akajibu kwamba Sulemani hapo hafundishi falaki. Anamwonyesha mwanadamu ufupi wa maisha yake.

Kisha akaandika maneno makali kuliko yote. Lactantius alikuwa mtakatifu, na alikana kwamba dunia ni duara. Augustino alikuwa mtakatifu, na alikana kwamba kuna watu upande wa pili wa dunia. Wakubwa wa dini wa siku hizi ni watakatifu, nao wanakana kwamba dunia inakwenda. Lakini kilicho kitakatifu zaidi kwangu, alisema, ni ukweli, nami kwa heshima yote kwa walimu wa Kanisa nathibitisha kwa hoja kwamba dunia ni duara, ina watu pande zote, ni ndogo mno, na inakwenda kati ya nyota. Hayo hakuyaandika mpinga dini. Yaliandikwa na mtu aliyekuwa akisali na familia yake nyumbani.

Kwa ndugu zangu Waislamu mlio hapa niongeze kidogo. Miaka 5 kabla ya hapo Kepler alikuwa ameandika kitabu kuhusu mwanga, akaeleza kwamba picha ya tunachokiona hujichora nyuma ya jicho. Kitabu hicho alikiandika kama nyongeza kwa kazi ya Witelo, mwanazuoni wa Ulaya wa karne ya 13, na Witelo alikuwa amejengea juu ya Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri miaka 600 kabla. Elimu hii haikuwahi kuwa na kanisa moja wala msikiti mmoja.

Mwaka 1611 alifiwa na mkewe Barbara na mtoto wake wa miaka 6, na Rudolf akaporomoka madarakani. Kepler akahamia Linz, mji uliokuwa na Walutheri wengi. Alidhani hatimaye ataabudu na watu wake. Mchungaji wa Linz, Daniel Hitzler, alimtaka aweke saini kwenye hati ya imani ya Kilutheri ya mwaka 1577 bila kubakiza kitu. Kepler aliikubali karibu yote. Kilichomshinda ni fundisho kwamba mwili wa Kristo uko kila mahali. Alilisoma, akawasoma mababa wa Kanisa wa karne za kwanza, akaona hawakufundisha hivyo. Tena alikataa kuwalaani Wakalvini, Waprotestanti wa tawi jingine, ambao katika suala hilo aliwaona wana hoja. Hitzler akamnyima Meza ya Bwana.

Ninyi mnaojua maana ya kutengwa mnaelewa. Mtu anaingia kanisani Jumapili, wenzake wanasogea mbele, yeye anabaki kitini, na mji mzima unaona. Kepler aliomba, akaandika barua, akakata rufaa. Rahisi ingekuwa kuweka saini na kunyamaza, kama walivyofanya wengi. Rahisi zaidi ingekuwa kuwa Mkatoliki, maana Kaisari alikuwa Mkatoliki na milango ingefunguka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliandika kwamba moyo unamuuma kuona makundi matatu makubwa yameurarua ukweli baina yao, na yeye inambidi aokote vipande popote anapovikuta.

Mwaka 1619 barua ya mwisho ikaja kutoka Tübingen. Hapana, hatarudishwa. Aliyemwandikia alikuwa Hafenreffer, yuleyule rafiki wa 1596. Na mwaka huohuo wa 1619 Roma ikakiweka kitabu cha Kepler kinachofundisha mfumo wa Copernicus kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Makanisa mawili yaliyokuwa yameanza kuuana katika vita vilivyodumu miaka 30 hayakukubaliana juu ya mambo mengi, lakini juu ya mtu huyu yalifikia hukumu zinazofanana.

Mwaka huohuo alitoa kitabu kuhusu upatanifu wa ulimwengu. Alikuwa amekiandika wakati binti yake mwingine, Katharina, alipokufa. Ndani yake kuna kanuni yake ya tatu. Chukua muda wa sayari kulizunguka Jua, uzidishe kwa wenyewe. Chukua umbali wake wa wastani kutoka kwenye Jua, uzidishe kwa wenyewe, kisha jibu ulizidishe tena kwa umbali huohuo. Uhusiano wa namba hizo mbili ni uleule kwa kila sayari. Jaribuni kwa Mshtarii: uko mbali na Jua mara 5.2 kuliko Dunia, na mwaka wake ni miaka yetu 11.86. Zidisheni 5.2 × 5.2 × 5.2 mtapata takriban 140.6, zidisheni 11.86 × 11.86 mtapata takriban 140.7. Newton aliitumia kanuni hii kujenga nadharia ya mvutano, na hadi leo ndiyo inayotumika kupima uzito wa nyota pacha. Kitabu kinaishia kwa sala. Kepler anamshukuru Muumba kwa kumfurahisha kwa kazi za mikono yake, na anaomba msamaha ikiwa mahali fulani alitafuta sifa zake mwenyewe.

Sasa mama. Mwaka 1615, katika mji wa Leonberg, mwanamke jirani aitwaye Ursula Reinbold alidai Katharina alimpa kinywaji kilichomletea ugonjwa. Mtawala wa mji, Lutherus Einhorn, alikuwa mtu wa kuwinda wachawi. Uvumi ukakua. Msichana mmoja alisema mkono ulimuuma baada ya kupitwa na bibi huyu njiani. Mwingine alidai Katharina hupita milango iliyofungwa. Usiku wa Agosti 1620 walimkamata kwa binti yake, mke wa mchungaji, wakamtoa nje ndani ya sanduku. Alikuwa na zaidi ya miaka 70. Alifungwa minyororo kwa miezi 14. Hii ilikuwa nchi ya Kilutheri, na mahakama ilikuwa ya Walutheri.

Wanaotoka Shinyanga, Geita na Mwanza hawahitaji nieleze zaidi. Tunawajua bibi zetu waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu wa moshi wa kupikia maisha yote. Kesi ya Katharina ina miaka 400, na ushahidi ulioletwa ni uleule.

Kepler, mwanahisabati wa Kaisari, aliacha kazi Linz akaenda kumtetea. Karani wa mahakama aliandika kwa masikitiko kwamba mshtakiwa amefika akisaidiwa na mwanawe. Hakusema wachawi hawapo. Kwa wakati ule kauli hiyo ingemwangamiza mama. Alichofanya ni kuchukua shtaka mojamoja na kulitafutia sababu. Msichana yule siku hiyo alikuwa amebeba matofali mengi kuliko nguvu zake, basi kwa nini mkono usiume? Reinbold alikuwa mgonjwa kabla ya kinywaji hicho, na alikuwa ameshatumia dawa kali. Walisema Katharina ni mchawi kwa kuwa hatoi machozi. Mwenyewe alijibu kwamba amelia sana maishani, machozi yamekwisha. Someni utetezi ule mtaona ni mtu yuleyule wa dakika 8: haridhiki na maelezo yanayoafikiana karibu kila mahali.

Septemba 1621 walimpeleka mbele ya mtesaji wakamwonyesha vyombo vya mateso, kimoja kimoja, akiri. Alisema hata wakimng'oa mshipa mmoja baada ya mwingine hana la kukiri. Akapiga magoti akasali Baba Yetu. Wiki chache baadaye akaachiwa. Alikufa Aprili 1622.

Ya mwisho nitayapitia haraka. Vita vilimfukuza Linz pia. Mwaka 1627 alichapisha Ulm majedwali yake ya sayari, yaliyojengwa juu ya vipimo vya Tycho. Serikali ya Kaisari ilikuwa na deni lake la karibu gulden 12,000, naye alikuwa safarini kufuatilia haki zake alipougua. Alikufa Regensburg tarehe 15 Novemba 1630. Akazikwa nje ya kuta za mji, kwenye makaburi ya Waprotestanti, na vita vikayafuta makaburi hayo.

Alikuwa ameacha utabiri. Mwaka 1629 alitangaza kwamba tarehe 7 Novemba 1631 sayari ya Utaridi itapita mbele ya uso wa Jua, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia na kulithibitisha. Paris, asubuhi hiyo, Pierre Gassendi alielekeza darubini kwenye Jua, akaacha picha yake iangukie karatasi katika chumba chenye giza. Akaona doa jeusi dogo, dogo kuliko alivyotarajia, hata mwanzoni akadhani ni doa la kawaida la Jua. Lakini lilikuwa linasogea kwa kasi mno. Lilikuwa Utaridi. Gassendi alikuwa padre wa Kikatoliki. Habari hiyo aliiandika kwa barua kumpelekea Wilhelm Schickard, Mlutheri, rafiki wa marehemu, profesa wa Tübingen.

Asanteni kwa kunivumilia. Nawaomba viongozi wa dini waanze kuuliza, kisha wanafunzi.